Ukishirikiana na taasisi ya utafiti, dai michoro, jigi na mtu

Naandika haya kwa wenye karakana ndogo: wachomeleaji, wakereza vyuma, watengenezaji wa mashine za kupukuchua, kupura, kukamua na kusaga. Karakana yangu iko Morogoro, upande wa Kihonda, na kazi yetu kubwa ni mashine za mazao. Kwa misimu mingi tumeshirikiana na vyuo na taasisi za utafiti. Ushirikiano mwingine umetuachia mashine ambazo hadi leo ndizo zinalipa mishahara ya vijana. Mwingine umeishia kwenye picha ya mgeni rasmi akikata utepe. Kilichotofautisha aina hizo mbili nakijua, na napenda ukijue kabla hujasaini chochote.

Taasisi ikikuita, mara nyingi itakukabidhi mashine moja iliyokamilika, imepakwa rangi inang'aa, na utaambiwa uinakili. Usiipokee ikiwa peke yake. Dai vitu vitatu viambatane nayo: michoro kamili inayosema kila kipimo kinaruhusiwa kuzidi au kupungua kiasi gani, jigi za kutengenezea (vitanda vya chuma vya kubania vipande mahali pake), na mtu aliyeibuni, akae karakanani kwako mpaka mashine za kwanza zitoke. Bila hivyo vitatu utainakili, ndiyo, lakini ya pili itatofautiana na ya kwanza, ya tano itatofautiana na ya pili, na mteja wa Turiani akija kutafuta kipuri hakuna kitakachoingia.

Nende hatua kwa hatua.

Nenda na tatizo lililopimwa

Ukimwendea mtafiti ukamwambia "tunaomba teknolojia mpya", atakupa alichonacho kabatini. Ukimwendea na tatizo ulilolipima, atavuta kiti. Tuseme wateja wako wa Gairo na Kilosa wanapukuchua mahindi kabla hayajakauka sawasawa, kwa sababu wanawahi bei, na mashine yako inavunja punje. Chukua kilo 10 za mahindi yaliyotoka kwenye mashine, tandika turubai, chambua kwa mkono, pima zilizovunjika. Andika uzito huo. Rudia kwa mahindi makavu. Kisha peleka taasisi namba zako, mfuko wa punje zilizovunjika, magunzi machache, beringi iliyokufa na kipande cha ngoma (silinda inayozunguka ndani ya mashine) kilicholika. Punje iliyovunjika ndiyo mlango wa ukungu na wadudu ghalani, na viwango vya Afrika Mashariki vinataka mahindi yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mtafiti akiviona hivyo mezani ana swali la utafiti, na wewe una soko. Hapo mnaweza kuzungumza.

Uliza pia mashine inataka malighafi ya namna gani, maana hapa wengi wanakwama. Mashine ya kukamua alizeti kwa mkono, ile yenye mkono mrefu unaosukuma pistoni, ilibuniwa hapahapa Tanzania, mkoani Arusha, mwaka 1985, na Mmarekani Carl Bielenberg, katika mradi wa mashirika ya ATI na Lutheran World Relief. Ilikuwa mashine nzuri, na karakana za kawaida ziliweza kuitengeneza. Lakini ilitaka alizeti yenye ganda laini na mafuta mengi. Ukiipa ile ya kienyeji yenye ganda gumu, mafuta yanatoka kidogo na mkamuaji anaishiwa nguvu. Ndiyo maana mbegu ya Record ilibidi isambazwe pamoja na mashine. Tena zile za mwanzo zilikuwa nzito kwa mtumiaji, ikabidi baadaye pistoni ipunguzwe ili hata mtu mmoja, mama wa nyumbani, aweze kuisukuma. Kwa hiyo kabla hujakata chuma muulize mtafiti: mbegu gani, unyevu gani, na nani atakayeshika mkono wa mashine hii?

Mlango upi ubishe hodi

Hapa nitapita haraka. CAMARTEC ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1981, inashughulika na zana za kilimo na teknolojia za vijijini, na pia inapima zana. TEMDO, iliyoko Arusha vilevile, iliundwa mwaka 1980 kwa ajili ya usanifu wa mashine. TIRDO, ya utafiti wa viwanda, iko Msasani, Dar es Salaam, tangu mwaka 1979, na ina maabara ambazo karakana yako haiwezi kuwa nazo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kituo cha uhawilishaji wa teknolojia, TDTC, kilichorithi kazi za taasisi yake ya zamani, IPI. Sisi wa Morogoro tuna Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, jirani. Kenya kuna taasisi ya utafiti wa viwanda, KIRDI. Uganda kuna ya namna hiyo, UIRI, iliyoko Nakawa, Kampala.

Ushauri wangu: anza na SIDO (shirika la viwanda vidogo) ya mkoa wako. Shirika hili lipo tangu mwaka 1973, lina ofisi mikoani, na barua yake ya utambulisho inafungua milango miwili kwa mpigo: taasisi inakuchukulia kwa uzito, na baadaye ukihitaji alama ya ubora ya shirika la viwango, TBS, barua hiyohiyo inaulizwa. Afisa wa SIDO anajua pia ni injinia yupi hupokea simu na yupi hapokei. Hilo huwezi kulisoma popote.

Usome mchoro ukiwa na akili ya dukani

Ukipewa michoro, usikimbilie kukata. Kaa nayo pamoja na mkereza wako na kijana anayekwenda kununua chuma. Nitakupa mifano ya tunachotafuta.

Shafti imechorwa milimita 32. Ingia maduka ya vipuri ya mjini utafute beringi yenye nyumba yake ya chuma ya kuingia shafti hiyo. Utazikuta UCP 205, ambayo tundu lake ni milimita 25, UCP 206 ya milimita 30, na UCP 207 ya milimita 35. Ya 32 huioni. Aliyechora alikuwa na shafti ya 32 kwenye stoo ya chuo, akaitumia. Ukifuata mchoro wake utalazimika kukereza ncha zote mbili za kila shafti ili ziingie kwenye 206. Kazi hiyo inakula muda wa lethi (mashine ya kukereza), na wewe ndiye unayelipa umeme na mshahara. Mwambie abadilishe mchoro uwe 30, na apige hesabu ya nguvu upya. Ni haki yako kumwambia.

Ubavu wa mashine umechorwa upana wa milimita 1,300. Bati linauzwa futi 8 kwa 4, yaani milimita 2,440 kwa 1,220. Milimita 80 hizo zinakulazimisha kuunga kipande, kuchomea mshono mrefu unaopinda kwa joto, na kutupa mabaki. Mchoro ukishushwa hadi 1,200, bati moja linatoa mbavu mbili bila mshono. Angle na flat bar (vyuma vya pembe na vya bapa) zinauzwa vipande vya mita 6: hakikisha urefu wa vipande vya fremu unagawanyika vizuri ndani ya 6. Tukifanya zoezi hili na mtafiti akiwa amekaa palepale, gharama ya chuma inashuka bila mashine kupoteza kitu.

La tatu, tafuta vipimo ambavyo havijaandikiwa nafasi ya kuzidi au kupungua. Mchoro ukisema tu "pengo kati ya ngoma na chekecheke milimita 20", uliza: ikiwa 18 itafanya kazi? Ikiwa 23? Mtafiti aliyejaribu mashine yake kweli atakujibu papo hapo. Asiyejua, mpe muda akajaribu. Kwenye ile mashine ya alizeti niliyoitaja, nafasi kati ya pistoni na silinda ndiyo roho ya mashine: ikizidi kidogo mafuta yanarudi nyuma, ikibana mno vinalana. Karakana isiyoelezwa hilo itatoa mashine zinazofanana kwa macho na kutofautiana kwa kazi.

Jigi

Neno hili nataka nilikazie, kwa sababu taasisi nyingi huliruka, na kwangu ndilo lenye thamani kuliko yote. Jigi ni kitanda cha chuma ambacho vipande vya mashine vinalazwa na kubanwa mahali pake kabla ya kuchomea, au bamba lenye matundu linaloongoza kuchimba. Ukiwa na jigi, kijana aliyetoka VETA juzi anachomea fremu iliyonyooka sawa na ya fundi wa miaka ishirini. Bila jigi kila fremu inategemea jicho la aliyechomea, na jicho la saa kumi jioni siyo la saa mbili asubuhi.

Waliolifahamu hili vizuri ni ApproTEC ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Martin Fisher na Nick Moon, ambayo sasa inaitwa KickStart. Walipotoa mashine zao, zikiwemo mashine ya kukamua alizeti na pampu ya kukanyaga ya MoneyMaker iliyotoka mwaka 1996, waliandaa jigi na vifaa vya kutengenezea na kuwafundisha watengenezaji, ili sehemu za mashine moja ziingie kwenye nyingine. Mkulima alipoharibikiwa na kipuri hakuhitaji kumtafuta fundi aliyeichomea pampu yake.

Basi kwenye bajeti ya mradi hakikisha jigi zina mstari wake. Zitengenezwe kwako, na mafundi wako wakishiriki, kwa chuma kizito kisichopinda. Sisi tunatumia channel ya inchi 4. Ziwekewe stopa mahali pa kugota na vibano vya kufungua haraka, na zipimwe na injinia kabla ya fremu ya kwanza kuwekwa. Ongeza na geji za kukagulia: kipande cha bamba chenye tundu moja ambalo shafti nzuri inapita, na tundu la pili ambalo shafti nzuri haitakiwi kupita. Kijana anakagua bila kusoma venia (kifaa cha kupimia unene kwa usahihi). Tunavitundika ukutani, kila kimoja na namba ya mchoro wake.

Mtu mwenyewe

Sasa kwa nini mtu? Tulipokuwa tunatengeneza mashine ya kupura mpunga, taasisi tuliyoshirikiana nayo ilimtuma injinia wake, binti mdogo tu, akae nasi. Mashine yake ilifanya vizuri sana kwenye maabara yao. Kule waliiendesha kwa mota ya umeme ya mizunguko 1,440 kwa dakika, puli ya inchi 4 kwenye mota na ya inchi 9 kwenye ngoma. Piga hesabu: 1,440 mara 4, gawa kwa 9, unapata 640. Kwa mwendo huo mpunga unatoka safi.

Wateja wetu wa Mkindo na Dakawa hawana umeme shambani. Wanafunga injini ndogo ya dizeli ya Kichina, mizunguko 2,600. Tuliifunga vilevile, puli zilezile, tukaingiza miganda. Mashine ililia kwa sauti nyembamba. Binti akachota punje mkononi, akazipuliza, akanyamaza kidogo.

"Mzee, shikilia kwanza. Huu mbona ni mchele?"

"Ni mchele, mwanangu. Na huo mwingine umevunjika. Hebu hesabu ngoma inakwenda ngapi."

Akatoa simu, akapiga hesabu: 2,600 mara 4 gawa kwa 9. Mizunguko 1,155. Mashine ilikuwa inapura na kukoboa kwa wakati mmoja. Tukataka kuipunguza: kwa puli ya inchi 4 kwenye injini, ya ngoma inatakiwa iwe inchi 16, upate 650. Puli ndogo ya inchi 3 kwenye injini ingeruhusu ya inchi 12 kwenye ngoma, lakini kwa mzigo ule mkanda unateleza na kuungua. Kwa hiyo 16. Tena ya inchi 16 haikupita kwenye fremu. Ikabidi miguu ya fremu iinuliwe, kitanda cha injini kisogezwe, na kinga ya mkanda ichorwe upya. Alikaa kwenye benchi, akachora upya palepale, akaandika tarehe na "toleo la pili". Kama angekuwa ofisini kwake, sisi tungebadilisha puli kwa akili zetu, mchoro ungebaki wa zamani, na karakana nyingine ambayo ingepewa mchoro ule ingeanza upya kuvunja mpunga wa watu.

Kwa hiyo kwenye mpango wa kazi andika wazi: injinia atakuwepo karakanani siku gani, atalipwa posho na nani, atalala wapi. Mweleze kwa heshima kwamba mafundi wako wana ujuzi ambao hakuusoma, na waeleze mafundi wako kwamba maswali yake si dharau. Nimeona ushirikiano ukifa kwa sababu fundi mkongwe alisahihishwa mbele ya vijana wake kwa namna mbaya. Mwandae pia fundi mmoja atakayekuwa naye bega kwa bega tangu mwanzo, ili akiondoka ujuzi ubaki na mtu, tena mtu asiyetaka kuhama kesho.

Mkataba

Hati ya makubaliano ni nzuri kwa kuanzia, lakini dai mkataba wenye wajibu na tarehe. Asaini mkuu wa taasisi au aliyekasimiwa madaraka rasmi. Saini ya mtafiti pekee haitoshi, hata kama mmezoeana mnaitana majina. Omba nakala ya Kiswahili, na isomwe kwa sauti mbele ya fundi wako mkuu.

Michoro ikabidhiwe kwako, karatasi zenye mhuri pamoja na faili kwenye flashi, kabla hujaanza kutengeneza. Nalisema kwa uchungu. Taasisi moja ilitupatia mashine, mradi ukaisha, mtafiti akahamishwa, na tulipoomba michoro tukaambiwa ilikuwa kwenye kompyuta aliyoondoka nayo. Mashine ile tuliipima upya kipande kwa kipande kwa utepe na venia, na wateja wakati huo wanasubiri.

Chuma cha mashine za majaribio kilipiwe na mradi, na fedha zitangulie. Karakana ndogo ikikopesha chuma taasisi ya umma, msimu unaisha malipo yakiwa bado "yapo kwenye mchakato". Na wewe ukitakiwa kulipa ada yoyote, lipa kwenye akaunti ya taasisi, upate risiti.

Maboresho ni kifungu cha kukaa nacho muda mrefu. Ukiboresha mashine yao, boresho ni la nani? Msimamo wangu ni kwamba usanifu wa awali ubaki wa taasisi, maboresho yaandikwe kwa jina la aliyeyafanya, na pande zote mbili ziwe huru kuyatumia. Taasisi ya mpunga ya IRRI kule Los Baños, Ufilipino, ilipobuni mashine yake ya kupura miaka ya 1970, iliwapa watengenezaji wadogo michoro bure pamoja na msaada wa wahandisi. Watengenezaji wa Thailand waliichukua, wakaikuza na kuibadilisha ilingane na mashamba yao. Taasisi isiyotaka fundi aguse mchoro wake haitaki mashine isambae.

Halafu upekee. Utaambiwa "tutakupa wewe peke yako", na moyo utafurahi. Kubali kwa muda mfupi na kwa eneo, tuseme msimu mmoja au miwili katika mkoa wako, ili urudishe gharama za jigi. Zaidi ya hapo sikushauri. Angalia jiko la Kenya la udongo ndani na bati nje. Lilitokana na jiko la ndoo la Thailand na jiko la bati la Kenya, likaboreshwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na wataalamu pamoja na mafundi wa jua kali wa Nairobi, shirika la KENGO likawa mstari wa mbele. Usanifu wake haukufungiwa, mafundi wa Shauri Moyo na kwingine wakautengeneza, na leo majiko ya aina ile yako kila soko la Afrika Mashariki. Ni kweli uhuru ule uliingiza pia mabovu, yenye udongo usiochomwa vizuri unaopasuka mapema. Kinga ya hilo ni jigi, geji na kibati cha jina kwenye kila mashine, chenye jina la karakana, namba ya mashine na toleo la mchoro.

Mrabaha, yaani malipo kwa taasisi kwa kutumia usanifu wake, kama upo, uhesabiwe kwa mashine iliyouzwa na kulipwa, siyo iliyotengenezwa, na kwa bei ya kutokea karakanani kabla ya kodi. Uanze baada ya kundi la kwanza. Ufungamane na huduma: taasisi ikiacha kutoa msaada wa kiufundi, mrabaha nao usimame.

Kama kuna jambo jipya la kulindwa, hataza (haki ya kisheria ya uvumbuzi) huombwa BRELA kwa Tanzania Bara, BPRA kwa Zanzibar, KIPI kwa Kenya. Kuna pia kinga ya ubunifu mdogo, yenye masharti mepesi na muda mfupi zaidi, na mara nyingi hiyo ndiyo inayotufaa sisi. Kubalianeni nani ataomba na nani atalipa, na maombi yatangulie kabla mashine haijapelekwa Nane Nane au mtafiti hajachapisha makala yake. Ukishaianika hadharani, upya wake unaweza kupotea na haki ikaondoka nao. Mtafiti anahitaji makala ili apande cheo, usimzuie. Mpangieni tarehe.

Mwisho ajali. Mashine ya kupura inakata mikono, na niliyemwona hospitali hakuwa mzembe, mkanda haukuwa na kinga. Mkataba useme mashine haitoki karakanani bila kinga ya mkanda na mdomo mrefu wa kulishia, hata mteja akiomba punguzo ziondolewe.

Mashine za kwanza

Tengeneza chache na uziweke karibu, mahali unapofika kwa bodaboda mashine ikigoma. Zitumike katika msimu halisi, na watu halisi, wakiwemo wanawake na vijana wanaolishia kutwa nzima. Mtafiti aje na mizani, saa na kipima unyevu. Pimeni kilo kwa saa, mafuta yaliyotumika, punje zilizovunjika, na zilizobaki kwenye mabua. Opereta apewe daftari aandike kila kilichokatika. Daftari la opereta wetu wa Dakawa ndilo lililotufanya tubadilishe meno ya ngoma kutoka nondo laini kwenda chuma kigumu zaidi, na kuyafunga kwa boliti badala ya kuyachomea, ili yabadilishwe shambani.

Hapohapo panga bei yako. Hesabu ya mtafiti mara nyingi ina chuma, beringi na injini. Ongeza vijiti vya kuchomelea, mawe ya grenda, rangi, usafiri, muda wa umeme kukatika, kipande kilichoharibika, na safari za kumfuata mteja msimu wa kwanza. Ukishindwa kuuza kwa bei inayolipa hayo yote, rudini kwenye mchoro pamoja mtafute pa kupunguza. Kisha omba mashine ipimwe rasmi upate ripoti, kwa sababu halmashauri na miradi hainunui kwa maneno.

Washirikishe majirani

Karakana moja haina kila kitu. Mpango wa makongano (vikundi vya wazalishaji wa kazi moja walio karibu) ulioratibiwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katikati ya miaka ya 2000 ulileta mafundi vyuma wa Morogoro meza moja na watafiti, na ulifika Zanzibar kwa wakulima wa mwani, ambako Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari amefanya kazi kubwa na akina mama hadi wakatengeneza unga na sabuni ya mwani badala ya kuuza mkavu tu. Faida niliyoiona kwa mafundi ni ya kawaida kabisa: mwenye lethi anakereza shafti za wote, mwenye tanuri anamimina puli za wote, mimi nachomea fremu, na wote tunakagua kwa geji zilezile. Taasisi nayo inapenda kufundisha karakana kadhaa kwa mpigo kuliko moja moja. Muhimu, nakala za jigi zitoke kwenye jigi mama moja, na hiyo ikae mahali pamoja chini ya mtu anayejulikana.

Barua ya kuanzia

Usiende mikono mitupu wala kwa simu tu. Andika hivi, ubadilishe yanayokuhusu:

"YAH: MAOMBI YA USHIRIKIANO WA KITEKNOLOJIA – MASHINE YA KUPUKUCHUA MAHINDI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Karakana yetu inatengeneza mashine za mazao na imesajiliwa. Wateja wetu wanapata tatizo la punje kuvunjika pale mahindi yanapopukuchuliwa yakiwa na unyevu. Vipimo tulivyofanya vimeambatishwa pamoja na sampuli. Tunaomba kukutana na mtaalamu wenu atembelee karakana na wateja wetu wawili. Iwapo kuna usanifu unaofaa, tunaomba ushirikiano utakaojumuisha michoro kamili, utengenezaji wa jigi karakanani kwetu, na uwepo wa mtaalamu wakati wa kutengeneza mashine za kwanza. Sisi tutachangia eneo, mafundi, mashine za kazi na wateja wa majaribio. Barua ya utambulisho kutoka SIDO imeambatishwa. Natanguliza shukrani."

Ipeleke mwenyewe masjala katika nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Ikipita bila majibu, nenda tena na nakala hiyo mkononi, uombe kumwona mkuu wa idara ya usanifu kwa cheo chake, na umwombe akutajie siku atakayokuja kuona mahindi.